Célestin Lukali, Aliyeziita Nchi Sita Watani

Maneno ya maisha yake. Yameandikwa na mjane wake, Mama Émérance, na yanasomwa na mdogo wake, Grégoire. Makaburi ya misheni, Kasongo, Alhamisi tarehe 28 Aprili 1960.

Mapadri, wakwe, majirani na ninyi nyote mliofika kwa miguu na mvua hii: huyu tuliyemzunguka ni Célestin Lukali, mkalimani. Alizaliwa Wamaza, upande wa Kabambare, mwaka 1912, mtoto wa kwanza wa mzee Mutindi, mkulima wa Kibangubangu, na mkewe Mama Subira. Mwezi hakuna aliyeuandika. Mama yake alikumbuka tu kwamba mpunga ulikuwa umeanza kuzaa na nyani walikuwa wasumbufu, hata uchungu ukamkuta katika kibanda cha kulinda shamba. Alijifungua salama, na jioni akarudi nyumbani na mtoto mgongoni. Alipenda kusimulia hivyo, akicheka, kana kwamba kuzaa ni kwenda kisimani na kurudi.

Mwaka 1922 baba yake alimleta hapa Kasongo, shule ya misheni. Hapo ndipo alipojifunza kusoma, kuandika na kuhesabu, na sikukuu ya Noeli mwaka 1926 akabatizwa jina la Célestin. Kifaransa chenyewe hakukipata darasani. Alikuwa akihudumia mezani kwa mapadri, na huku akipanga sahani alisikiliza. Wenzake walipomwuliza wazungu wanaongea nini wakila, alijibu: “Wanalalamika chumvi, kama baba zetu.” Alimaliza shule mwaka 1930.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa ukarani kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Salamabila. Mwaka 1941 serikali ilimchukua kuwa mkalimani Kabambare, na kazi hiyo aliifanya miaka mingi, akiendesha baiskeli nyuma ya gari la wakubwa na kufika amejaa vumbi wakati wao wameshakunywa maji. Alijua Kibangubangu, Kizimba, Kiswahili na Kifaransa. Mtu akimkasirikia kwa neno alilotafsiri, alikuwa na jibu lake: “Mimi sipiki, ninapakua tu.” Barazani hakupunguza neno wala hakuongeza.

Nyumbani ilikuwa jambo jingine. Alifunga ndoa hapa Kasongo tarehe 18 Aprili 1936 na Émérance, binti wa Kizimba, ambaye siku hizo hakujua hata neno moja la Kibangubangu. Mama mkwe naye hakutaka Kizimba wala Kiswahili. Basi Célestin alikaa katikati yao jikoni. Mama Subira akisema, “Huyu anatwanga majani ya sombe kama anayepiga mwizi,” Célestin alimwambia mkewe: “Mama anasifu nguvu ya mikono yako.” Mke akajibu kwamba mama mkwe anatia majivu kwenye chakula, Célestin akapeleka: “Anasema mapishi yako yana ladha asiyoijua.” Waliishi kwa amani miaka miwili. Mwaka wa tatu Émérance alikuwa ameshakijua Kibangubangu, na siku alipomjibu mama mkwe mwenyewe, Célestin alilala kwa jirani.

Wote mnajua kwamba Wabangubangu na Wazimba ni watani. Zamani walipigana, wakazika watu, kisha wakapatana, na tangu hapo mtani ana haki yake: anaweza kukunyang’anya kitu mbele za watu, nawe unakikomboa kwa kile atakachotaja, na hakuna mashtaka. Siku ya harusi, mzee Kimwaga, mjomba wa bibi harusi, alimvua Célestin kiatu kimoja mlangoni pa kanisa. Bwana harusi alisimama mbele ya padri mguu mmoja wazi mpaka ukoo wake ulipoahidi mbuzi. Padri alisubiri.

Mungu aliwapa watoto watano, na wawili aliwachukua wakiwa wachanga.

Mwezi wa Novemba mwaka 1947 Apolline, mdogo wake Célestin, alishikwa na uchungu Wamaza, na mtoto akakataa kutoka. Mama Safi, mkunga wa kijiji ambaye amepokea nusu ya watu waliosimama hapa, alijaribu yote anayoyajua, kisha akasema: “Huyu si wangu tena. Mupeleke kwa munganga wa Kabambare.” Wanaume walimbeba kwa machela, na Célestin alishika mti wa mbele. Walipofika kijitoni, maji yalikuwa yamefunika daraja. Walikaa ukingoni wakisubiri yapungue. Apolline alikuwa akimwuliza kaka yake, “Yaya, tumefika?” na Célestin, ambaye hakuwahi kubadili neno la hakimu, akamjibu kwamba wamefika, ile sauti ya maji ni mvua juu ya bati la hospitali. Apolline alikufa palepale, na mtoto tumboni.

Tangu siku hiyo Célestin alitaka kitu kimoja katika dunia hii: nyumba ya uzazi Wamaza. Kila afisa aliyemtafsiria, baada ya kumaliza maneno ya afisa, aliomba ruhusa ya kutia neno lake mwenyewe, na neno lilikuwa hilohilo. Walijibu kwamba fedha hakuna, au kwamba watafikiri. Mkewe alimwambia anyamaze kabla hajafukuzwa kazi, kwa maana watoto wanakula. Alinyamaza mpaka afisa mwingine alipokuja.

Mwaka 1958 likaja jambo jipya. Nchi sita za Ulaya, Ubelgiji ikiwa mojawapo, zilikuwa zimefanya mapatano ya kuwa na soko moja na kukaa meza moja, na zilikuwa zimeweka mfuko wa kujenga shule na hospitali katika nchi wanazozitawala. Wageni watatu wangepita kuangalia mahali pa kujenga: Mfaransa, Mjerumani na Mwitaliano. Afisa aliyepewa kuwaongoza, ambaye watu walimwita Bwana Kiatu kwa sababu viatu vyake vililia kabla hajatokea, alimtuma Célestin atangulie kuwaandaa watu. Wafagie, waimbe, wasiombe kitu. Nyumba ya uzazi ilikuwa imekwisha kuamuliwa: itajengwa Kabambare, karibu na ofisi yake, mahali ambapo gari la mgeni linafika bila kukwama.

Célestin alizunguka na baiskeli yake wiki nzima. Wazee walimwuliza hizo nchi sita ni ukoo gani, na kwa nini Mjerumani apande gari moja na Mfaransa, wakati kila mtu anajua waliuana. Wapo waliobeba mizigo ya askari katika vita vile, hawakuwa wanauliza kwa kucheza. Célestin aliwaza sana. Angewaelezaje watu kitu ambacho yeye mwenyewe alikisoma mara moja katika gazeti la misheni? Mwisho akasema: “Ni watani. Walipigana, wakazika, wakachoka. Sasa wamepatana, na wanataka na wengine wapatane kama wao.”

“Aa!” wazee wakasema. “Watani! Si ungesema mapema.”

Akafurahi kwamba ameeleweka. Hakukumbuka kwamba mtu akishajua kuwa fulani ni mtani, anajua pia la kumfanyia.

Wageni walifika Wamaza Alhamisi tarehe 14 Agosti. Hawakuwa wamepangiwa kukaa. Walisimama tu kunyoosha miguu, wakielekea Kabambare. Watu walikuwa wengi, Wabangubangu upande mmoja na Wazimba upande wa pili, Wakristo na Waislamu. Mgeni Mjerumani, mtu mrefu mwenye nywele nyeupe, alisema maneno machache kwa Kifaransa, na Célestin akayapakua. Alisema nchi zao zilimwaga damu mara mbili katika maisha yake. Ndugu yake aliuawa na watu wa huyu rafiki yake aliyesimama hapa, na watu wake yeye waliua wengi zaidi. Sasa wamejifunza kukaa pamoja. Nyumba wanayoileta wanataka isimamiwe na watu wote kwa pamoja, makabila yote na dini zote, na mwanamke yeyote asifukuzwe mlangoni.

Watu walipiga makofi. Mama Safi akatoka mstarini kumpa mkono. Mkono alioutoa haukushika mkono wa mgeni. Ulipanda juu, ukavua kofia yake, ukaiweka juu ya kilemba chake mwenyewe.

“Mutani wangu,” akasema, “kofia iko kwangu. Utaikomboa na ile nyumba, hapa Wamaza. Hapana kule.”

Upande wa Wazimba walilipuka kwa vigelegele. Mzee Kimwaga akapaza sauti: “Mama Safi, na kile kichwa nacho chukua, kitakufaa!”

Bwana Kiatu alikuwa mwekundu mpaka shingoni. Alipiga kelele kwamba huyu mwanamke ni mwizi, arudishe kofia apige magoti, la sivyo atalala gerezani, na yeye Célestin atafsiri hivyo mara moja. Célestin akatafsiri hivyo, neno kwa neno. Vigelegele vikakatika. Mama Safi hakuvua kofia, lakini watu wakaanza kurudi nyuma.

“Amesema nini yule mama?” mgeni akauliza.

Hapo Célestin alikuwa na njia ya jikoni. Angeweza kusema mama ameipenda kofia, ni mzee, amekunywa. Kila mtu angecheka, kofia ingerudi, gari lingeondoka, yeye angebaki na kazi yake, na nyumba ingejengwa karibu na ofisi. Émérance alikuwa amesimama katika kundi la wanawake na Emilienne, binti yao wa pili, na kwa moyo wote alikuwa akimwomba apitie njia hiyo. Alimjua mume wake. Aliona anavyofuta mikono kwenye suruali, akajua hatapita.

Célestin aliwaambia wageni kila kitu: kofia, nyumba, Wamaza, na wanawake wanaobebwa kwa machela. Kisha akasema: “Mama huyu hana kosa. Mimi ndiye niliyewaambia kwamba ninyi ni watani.”

“Mtani ni nani?”

“Ni mtu ambaye babu zenu waliuana, kwa hiyo sasa anaweza kuchukua kofia yako.”

Mfaransa alicheka mpaka akatoa leso. Mjerumani hakucheka. Akauliza: “Na nisipoikomboa?”

“Basi ninyi ni wageni tu, bwana. Tutawaimbia, mtaondoka.”

Mzee Kimwaga akaona mlango umefunguka, naye akaingia. Alitaka kujua jambo moja. Hiyo meza yao ina viti sita, amesikia vizuri. Je, sisi tunakaa wapi?

Célestin akapakua. Wageni wakatazamana, kisha Mwitaliano akajibu kwa upole kwamba watu wa Kongo wamo pia, kwa njia ya kiti cha Ubelgiji.

“Chini ya kiti wanakaa kuku,” akasema mzee Kimwaga.

Hilo nalo Célestin alilipeleka kama lilivyo. Bwana Kiatu alimwamuru anyamaze. Mjerumani akainua mkono kidogo, akasema kwamba swali la mzee ni zuri na yeye hana jibu lake, na kwamba angependa kuonyeshwa hiyo njia ambayo wanawake wanabebwa. Walitembea mpaka kijitoni. Ilikuwa kiangazi, maji hayakufika hata vifundoni, na mgeni alitazama pale chini kama mtu anayedanganywa. Célestin akamwonyesha alama ya tope juu ya shina la mti, maji yanapofika wakati wa mvua, juu ya vichwa vyao. Jina la Apolline hakulitaja. Mgeni alipanda gari bila kofia.

Mwezi uliofuata Célestin alitolewa kwenye ukalimani. Hakuambiwa kosa. Alipelekwa stoo ya serikali kugawa majembe na koleo, na hapo alikaa mpaka ugonjwa ulipomtoa. Jioni alizoea kukaa mlangoni bila kusema kitu, mtu ambaye kazi yake ilikuwa kusema. Mkewe alikuwa na hasira, naye alimwambia waziwazi: wale watu wa nchi sita wamekuja na maneno yao ya amani, wamekula kuku wetu, wamekwenda, na wewe uko stoo. Maneno ya kupatana wanayapeleka dunia nzima, lakini Bwana Kiatu amebaki palepale. Na kama wanaamini wanachosema, mbona bado wametukalia?

Célestin alimjibu.

“Mama Emilienne,” alisema, “wamesema neno kubwa kuliko wao wenyewe. Mimi nililisikia, nikalitia katika lugha zetu tatu. Sasa halirudi. Tutawashika nalo.”

Mwezi wa Machi mwaka 1959 habari ilifika: nyumba itajengwa Wamaza. Hatujui ni kofia, ni swali la mzee Kimwaga, au ni hesabu za watu wa mbali. Ilijengwa kwa matofali na bati, na kamati ikachaguliwa kama walivyotaka wenye mfuko: Wabangubangu na Wazimba, Wakristo na Waislamu, na Mama Safi kati yao. Kikao cha kwanza walitukana saa nzima, kwa utani kwanza na kwa kweli baadaye, kisha wakakubaliana zamu za kuchota maji. Ramani iliyotoka ofisini ilikuwa na mlango wa pembeni na chumba kimoja cha wanawake wa kizungu. Nyumba isiyofukuza mtu mlangoni ilikuwa na milango miwili. Célestin alipopelekwa kuiona alicheka kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu stoo. Wamaza hakuna mwanamke wa kizungu. Kamati imeweka humo mafagio na ndoo. Nyumba ilifunguliwa Jumatatu tarehe 15 Februari mwaka huu. Mama Safi alihudhuria na kilemba chake. Kofia aliiacha nyumbani, akisema imekombolewa.

Célestin hakuwepo. Miguu ilikuwa imeanza kuvimba tangu Desemba, pumzi ikawa fupi, na mwishoni mwa Januari tulimleta hospitali ya Kasongo. Waganga walisema ni moyo. Walimtunza vizuri, nasi tunawashukuru.

Hospitalini walikuwa na ugomvi mmoja, yeye na mkewe, na ulihusu Emilienne, ambaye ameolewa Wamaza na alikuwa na mimba yake ya kwanza. Émérance alitaka binti aletwe hapa Kasongo, karibu na waganga wakubwa na karibu na macho ya mama yake. Emilienne ni mwembamba wa nyonga kama shangazi yake. Mama yake alijua hilo tangu binti alipovunja ungo, na hakulala vizuri tangu hapo. Célestin alitaka azae Wamaza.

“Na kama dawa zimekwisha?” mke aliuliza. “Na kama muuguzi iko mulevi? Nyumba ina miezi miwili, haijajua kazi!”

“Itajulia wapi?” Célestin alisema. Alilazimika kupumzika kati ya maneno. “Tuliiomba mbele ya watu. Mimi nikimkimbiza mtoto wangu kuja Kasongo, mke wa nani ataingia mule?”

“Wewe unataka kushinda wazungu kwa tumbo la mwanangu.”

Neno hilo lilimwumiza, na aliyelisema aliona. Célestin akasema kwamba Emilienne ni mtu mzima, aulizwe mwenyewe; na yeye hatalipunguza jibu lake wala kuliongeza. Aliulizwa kwa mdomo wa dereva wa lori, na jibu likaja siku ya tatu: atazaa Wamaza, lakini mama asikasirike.

Mama hakukasirika. Aliogopa, na anaogopa.

Célestin alifariki Jumanne tarehe 26 Aprili 1960, asubuhi, akiwa amepakwa mafuta matakatifu, na mkewe amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na minane. Miezi miwili ijayo, wanasema, nchi hii itakuwa na kiti chake yenyewe. Alitamani kuona ni mti gani wataukata kukitengeneza.

Ameacha mjane wake, Émérance. Watoto wake Gaston, Marguerite na Emilienne. Mdogo wake Grégoire. Mama yake mzazi, Mama Subira, ambaye amezika sasa watoto wawili. Wakwe na watani wote wa Kizimba, wakiongozwa na mzee Kimwaga. Msimtafute Emilienne hapa kaburini. Jana jioni dereva alileta habari kwamba uchungu umemshika tangu Jumanne usiku, kwamba mvua ni kubwa na daraja limefunikwa tena, lakini yeye hayuko njiani: yuko kitandani, ndani ya nyumba, Mama Safi ameketi kichwani pake na muuguzi miguuni, na muuguzi hajalewa. Habari ya kifo cha baba bado hawajampa. Hadi maneno haya yanapigwa chapa hatujui zaidi. Kwa hiyo ameacha pia mjukuu ambaye hatuwezi kumtaja jina, na tunawaomba ninyi nyote, Wabangubangu na Wazimba, msali leo sala mbili.

Bwana ampe mtumishi wake Célestin pumziko na amani.